Kutwa Mara Tatu

"Usinipigie kelele, nasoma cheti cha daktari," nilimwambia mwenzangu wa duka la dawa.

"Soma tena basi, dada. Hukugawanya kwa tatu."

Kweli. Mtoto wa kilo nane, miligramu mia mbili na arobaini kwa siku nzima. Mimi nilizichanganya zote ziingie kwenye kijiko kimoja, kisha nikaandika kwenye chupa: kutwa mara tatu.

"Chupa imeondoka tangu asubuhi," alinong'ona. "Nyamaza. Bosi akijua, kazi huna, na wanao watakula kuta?"

Unga mweupe wa vidonge nilivyosaga asubuhi kwa dawa ile ulikuwa bado kwenye vidole vyangu. Niliusugua.

Nikapiga namba ya mama wa mtoto iliyoandikwa kwenye cheti.

"Mama, usimpe tena ile dawa. Nimekosea mimi. Umeshampa vijiko vingapi?"