Pindo la Kanga Mlimani

Katika hifadhi hii ya milima ya Italia, kila anayepanda kileleni huacha kumbukumbu za safari langoni anaposhuka, ili mlima ubaki mpya kwake siku zote. Kila Jumamosi Mbarak hupanda, na kila Jumamosi hurudi kwa mkewe, Mishi, akitabasamu kama bwana harusi.

"Huko juu kuna nini, Baba Rukia?"

"Nitajuaje, mama? Kumbukumbu nimeziacha langoni."

Jibu hilo lilimkereketa Mishi. Leo akapanda naye, kanga nyekundu ameitanda juu ya koti. Aliazimia moyoni: akikuta mwanamke anayemngoja mumewe huko juu, atafunga fundo kwenye pindo la kanga ili ajue akishasahau; asipomkuta, ataliacha lilivyo.

Waliposhuka, mlinzi aliwapitishia kifaa chake kichwani, na mlima ukawatoka. Mishi alijikuta anatabasamu. Akapapasa pindo upesi.

Halikuwepo. Lilikuwa limekatwa.

"Umenikatia kanga yangu!"

"Mimi? Kwa kisu gani?"

Mishi akatia mkono mfukoni mwa koti lake mwenyewe. Kisu chake cha kumenyea matunda kilikuwa humo, nyuzi nyekundu zimenasa kwenye makali.