Kidole cha Gavana

Ulisikika mlio kwanza, ukipanda na kushuka kama pumzi ya mwenye pumu. Fundi Mwachiro alitoka stendi mbio, begi la safari mgongoni, akainamia jenereta ya zahanati na kukaza skrubu ya gavana, kifaa kinachoshika mwendo wa injini. Aliikaza kupita kiasi. Springi ikakatika, injini ikaanza kuzimika, na ndani mashine ya oksijeni ikapiga kelele. Akausukuma mkono wa gavana kwa kidole. Mlio ukatulia.

Nesi alikimbilia madukani kutafuta springi nyingine.

“Kuna nini huko?” Bi Nyevu aliuliza dirishani, mpira wa oksijeni puani.

“Gavana, bibi. Amekatika.”

“Nilijua! Hata kura sikumpa.”

Mwachiro alicheka, lakini kidole hakikusogea. Chuma kilikuwa kinamchoma. Basi lake likapiga honi. Asipofika kiwandani kesho asubuhi, kazi mpya aliyoahidiwa atapewa mtu mwingine.

“Fundi, si unasafiri leo?”

Vumbi la basi lilipanda juu ya ukuta.

“Wewe vuta pumzi, bibi. Kidole hiki hakitoki hapa mpaka springi ije.”