Vitumba vya Loroko

Eusebio ndiye aliyeutoa porini mloroko, mmea utambaao ambao vitumba vya maua yake huliwa kwa ladha na harufu yake kali, akaupandisha kwenye kichanja nyuma ya jiko, akaupogoa na kuutilia samadi kwa miaka tisa, mpaka maradhi yalipomlaza.

Asubuhi moja kitandani aliomba pupusa, mkate wa mahindi uliojazwa loroko. Mkewe alichuma vitumba vyote kabla havijachanua, hakubakisha hata kimoja. Akavichanganya na jibini, akavifunika kwa unga wa mahindi uliokandwa, akachoma. Harufu ya loroko ikajaa nyumba nzima.

Eusebio alitafuna polepole, akameza.

“Mama watoto, leo umeninyima loroko,” alisema akitabasamu. “Unamwekea nani?”

Mkewe aliitazama pupusa mkononi mwa mumewe. Vitumba vya kijani vilichungulia pale alipoing'ata.

“Nimesahau, mzee wangu,” alisema. “Nitakutilia kesho.”