Dau la Mwaka

Sheria ilimruhusu kila mtu mzima dau moja tu kwa mwaka, liwe la simuni, la kwenye jumba la kamari au la jikoni kwake, mradi lisajiliwe na kisanduku cha serikali kilichobandikwa ukutani. Tausi na mumewe Shomari walilingojea lao kama sikukuu. Mwaka uliopita Shomari alishindwa, akasukuma chapati mwezi mzima.

Asubuhi hiyo, wakinywa chai, Tausi alikisogelea kisanduku akicheka. "Nabashiri mwaka huu nitashika mimba. Nikishindwa, nitamfulia Shomari nguo hadi Desemba."

"Andaa sabuni, mke wangu," Shomari alimtania, maana miaka sita walikuwa wamengoja bure.

Kisanduku kikajibu kwa upole: "Dau limekataliwa. Ni kosa kubashiri jambo ambalo limeshatokea."

Wakatazamana. Tausi akajishika tumbo. Shomari aliruka hata akamwaga chai, wakacheka, wakalia, wakakumbatiana.

"Tumpigie mama!"

"Ngoja kwanza," Tausi alinong'ona, akimvuta uani. "Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Hicho kimejuaje?"

Shomari alikichungulia kisanduku kupitia mlangoni, ila tabasamu halikumtoka.