Kabureta Mbili za Mbwana

Tangu wamzike Mbwana, Somoe hakuruhusu mtu aiguse pikipiki ya mwanawe. Leo aliiondoa mwenyewe kanga iliyoifunika.

"Zitoe kabureta zake, Fundi Sefu," alisema. "Baba yake hajalitia machoni kaburi. Miguu haimfikishi, na gari lake limelala tangu kabureta yake ipasuke."

Fundi alizifunga zote mbili kwenye injini kuukuu ya gari, akazishikiza kwa bati alilolikata mwenyewe. Injini ikawaka, ikakohoa, ikatikisa gari zima.

"Umenitilia kabureta au kifaduro?" alifoka Mzee Mhina, mumewe Somoe, kutoka kiti cha nyuma.

"Stahimili, mzee. Moja inavuta hewa kumshinda mwenzake."

Fundi alichukua kipande cha mpira, ncha moja akaitia sikioni, ya pili akaisogeza kwenye mdomo wa kila kabureta, huku akikaza skrubu kidogo kidogo. Kikohozi kikaisha.

"Kitendawili, Mama Mbwana!"

"Tega."

"Wawili hawana pua, na wanapumua."

Jawabu, zile kabureta mbili, lilikuwa mbele ya macho ya Somoe. Aliupokea ule mpira, akasikiliza. Pumzi ilikuwa ndefu na tulivu, kama ya mtu aliyelala chumba cha pili.

"Mke wangu, ingia twende," mzee alisema kwa upole.

Somoe aliinua kidole, kama anayewanyamazisha watu asiamshwe mtoto. Mzee akavua kofia, akaipakata. Injini ikaendelea kunguruma polepole.