Mkono wa Kuazima

Shomari aliamka na maumivu ya tumbo, na bima yake ilimtaka aonane kwanza na daktari wa kwenye simu. Mkewe, Tabia, akaiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Kijana mwenye koti jeupe akatokea kwenye kioo cha simu.

"Mama, mimi siwezi kumgusa," daktari alisema. "Leo wewe ndiwe mkono wangu. Mbonyeze tumboni, kulia, chini ya kitovu."

Tabia alisita. Tangu wamzike mwana wao wa pekee, kila mmoja alilala chumba chake, na chakula walipeana bila kutazamana. Akaweka kiganja juu ya mumewe kama mtu anayegusa ukuta.

"Bonyeza zaidi. Sasa achia ghafla. Baba, inauma?"

"Hapo sisikii kitu."

"Basi haielekei kuwa kidole tumbo. Nawatumia cheti cha dawa kwenye simu. Maumivu yakizidi, nendeni hospitali."

Simu ikakatika. Tabia alipotaka kuondoa mkono, Shomari akaufunika kwa wake, macho yake yakiwa darini.

"Mama Haruni," alisema, "bonyeza tena."

Mkono wa Tabia ulibaki palepale, ukipanda na kushuka kwa pumzi za mumewe.