Firigisi ya Jumapili

Jumapili ya kwanza baada ya kumzika Baba, nilikuwa nachanganya karata zake kuukuu kidole changu kilipogusa kikwaruzo kwenye pembe ya mfalme wa kopa.

Baba alikuwa meneja wa kasino Kisumu kwa miaka ishirini na sita. Mgawa karata aliyecheza rafu alifutwa kazi siku hiyohiyo, hata akilia vipi. Lakini kila Jumapili Baba alikuwa nyumbani Shirere kabla ya kanisa, na Mama akipika ingokho, kuku wetu wa kienyeji, Baba aliikataa firigisi, ingawa kwetu ni ya mwenye boma.

"Hapa hakuna bosi," alisema. "Nagawa karata. Atakayepata mfalme wa kopa, ale."

Mfalme alimwendea Mama. Jumapili baada ya Jumapili, Mama. Tukilalamika, Baba aliinua mikono juu. "Ni bahati ya mama yenu. Mimi nifanyeje?"

Sasa firigisi ilikuwa kwenye kisahani katikati ya meza, bado inatoa mvuke, na ndugu zangu wananingoja. Nilipapasa tena. Ilikuwa alama ya ukucha, ndogo kama punje ya wimbi, iliyolainika kwa kuguswa miaka mingi.

Nikagawa, kidole kikiitafuta ile alama.

Mama aligeuza karata yake. Mfalme wa kopa.

Aliitazama kwa muda, akaipangusa kwa leso, akaiweka kifuani.

"Umejaribu, Nekesa," alisema. "Lakini baba yako alikuwa hatetemeki mkono."